Viti maalum vimetimiza miaka 40: Katiba inaviruhusu, lakini mpiga kura yuko wapi?

Binti Mpwapwa (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Mjadala huu hurudi kila uchaguzi ukikaribia na hufa kwa namna ileile. Mmoja anasema Katiba imetamka wote ni sawa, kwa hiyo viti maalum, yaani nafasi za ubunge zilizotengwa kwa wanawake, ni ubaguzi dhidi ya wanaume. Mwingine anamjibu kwamba anachukia wanawake. Baada ya hapo ni matusi mpaka uzi unafungwa. Leo naomba tuende kwa vifungu, kwa sababu naona pande zote mbili zinagombania jambo ambalo Katiba ilishalimaliza, halafu zinaliacha lile lenye madhara.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Naunga mkono hatua maalum za kuwainua waliobaki nyuma, na nitazitetea kisheria mbele ya yeyote. Ila viti maalum vya ubunge, kwa jinsi tulivyovijenga, vinamnyima mwanamke kitu ambacho mbunge mwanaume anakipata kila siku bila kuomba: kuwa na watu waliomchagua, anaowajibika kwao, na wanaoweza kumtoa.

Tuanze na Katiba ya Tanzania. Ibara ya 13(1) inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na wana haki ya kulindwa na kupata haki sawa bila ubaguzi wowote. Wanaopinga viti maalum huishia hapo. Endeleeni kusoma mpaka ibara ndogo ya 5, inayoeleza maana ya kubagua. Mwisho wake kuna maneno yanayosema wazi kwamba tafsiri hiyo haitaizuia Serikali kuchukua hatua za makusudi zenye lengo la kurekebisha matatizo katika jamii. Waliotunga walijua swali hili litaulizwa, wakalijibu humo humo. Nje ya Katiba tuna mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao tuliuridhia mwaka 1985. Ibara yake ya 4 inasema hatua maalum za muda za kuharakisha usawa hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Na inaendelea: zikome pale lengo la usawa wa fursa litakapofikiwa.

Hilo la kukoma mliweke akilini, nitalirudia.

Historia kwa ufupi, kwa vijana. Mwaka 1985 vilitengwa viti 15 vya wanawake bungeni. Mfumo wa vyama vingi ulipokuja, mwaka 1995 ikawa asilimia 15, mwaka 2000 ikapanda kufika 20, na tangu 2005 ni angalau asilimia 30. Katika Bunge la 2015 na la 2020 viti maalum vilikuwa 113. Bunge letu likawa na wanawake zaidi ya theluthi, na tunasifiwa nje kwa hilo. Sasa tazama upande wa pili. Majimbo yalikuwa 264, na katika chaguzi zote hizo mbili wanawake walioshinda majimbo hawakufika hata 30. Baada ya miaka zaidi ya thelathini ya hatua maalum, jimbo limebaki kuwa la mwanaume. Vyama vinamwambia mwanamke anayetaka jimbo: "Dada, kwa nini usumbuane na ndugu yako wakati una nafasi zako kule?" Kiti kilichowekwa ili kumfungulia njia kimekuwa sababu ya kumwondoa njiani.

Na mbunge wa viti maalum anapatikanaje? Mpiga kura hamchagui. Siku ya uchaguzi unapewa karatasi ya Rais, ya mbunge wa jimbo na ya diwani. Baada ya matokeo, Tume ya Uchaguzi inagawa viti kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge, kulingana na kura za kila chama, na majina yanatoka kwenye orodha ambayo chama kilishaiwasilisha. Nani yuko juu kwenye orodha hiyo, nani yuko chini, hilo ni la chama.

Athari zake ziko ndani ya sheria zenyewe. Ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa kutoka jimbo la uchaguzi. Kwa hiyo wanawake 113 waliokaa bungeni, hata angekuwepo kati yao mwenye uwezo kuliko wote ukumbini, asingeweza kuwa Waziri Mkuu. Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya mwaka 2009 inampa mbunge wa jimbo uenyekiti wa kamati ya mfuko. Wa viti maalum hana mfuko. Anakwenda kijijini, anaombwa bati za zahanati, anatoa mfukoni mwake au anarudi na ahadi. Halafu tunasema hawa hawafanyi kazi.

Sisemi hakuna waliofaidika. Halima Mdee aliingia mwaka 2005 kwa viti maalum, mwaka 2010 akaenda kuchukua jimbo la Kawe. Esther Bulaya aliingia kwa viti maalum 2010 kupitia chama kimoja, na 2015 akashinda Bunda Mjini kupitia kingine, dhidi ya mwanasiasa mkongwe. Inawezekana. Lakini Katiba haimwekei mtu ukomo kwenye viti hivi, wala haimsukumi kwenda jimboni. Anayetoka anatoka kwa ujasiri wake mwenyewe.

Ninachopendekeza ni hiki: hatua maalum zibaki, ila kila mbunge mwanamke apigiwe kura na wananchi, na anayeingia kwa nafasi iliyotengwa awe na ukomo wa vipindi viwili. Karibuni, kwa hoja.

Fundi Sheria

Mleta uzi, nimekusoma mpaka mwisho na nakupongeza kwa kuweka vifungu. Ila naomba nitofautiane nawe kwenye msingi.

Kifungu ulichokitaja kinaiondolea Serikali kosa la ubaguzi pale inaporekebisha matatizo. Sawa. Lakini hakijasema marekebisho hayo yapimwe kwa jinsia. Mtoto wa kiume wa mfugaji wa Longido aliyesoma kwa taabu ana hali mbaya kuliko binti wa waziri aliyezaliwa Masaki. Viti maalum vinampa nani nafasi? Binti wa waziri. Sheria ikianza kuangalia mtu ni wa kundi gani badala ya kuangalia amefanya nini, imeshaacha kuwa sheria ya wote. Mimi naamini usawa ni kanuni moja kwa kila mtu, na asiyeweza asaidiwe kwa hali yake, siyo kwa maumbile yake.

Pia nina wasiwasi na hayo "matatizo katika jamii". Nani anayapima? Leo ni wanawake, kesho mtu atasema kabila fulani limeachwa nyuma.

Binti Mpwapwa

Fundi, hoja yako nzito na naiheshimu. Nakujibu kwa mambo mawili yaliyotokea hapa nchini.

La kwanza ni kesi ya Holaria Pastory, ambayo wewe kama mwanasheria unaifahamu, ila wengine hawaijui. Mama huyu wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akaenda mahakamani kudai mauzo ni batili, kwa sababu sheria ya kimila iliyoandikwa mwaka 1963 ilisema mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini hawezi kuliuza. Mahakama ya mwanzo ikampa mpwa ushindi. Mahakama ya wilaya ikampa mama. Mwaka 1990 ikafika Mahakama Kuu Mwanza kwa Jaji Mwalusanya, naye akasema sheria hiyo inapingana na Ibara ya 13, kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanaume. Ukoo ukabaki na haki ya kulikomboa shamba kwa kurudisha pesa ya mnunuzi, kama ambavyo ungefanya kwa muuzaji mwanaume.

Hapo ndipo kanuni yako inafanya kazi, na inafanya kazi vizuri mno. Mahali ambapo sheria yenyewe ndiyo inayobagua, dawa ni kufuta ubaguzi na kuweka kanuni moja. Hata kesi ya Rebeca Gyumi ni ya aina hiyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akisubiri miaka 18. Mahakama Kuu ikasema 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Kwenye kesi hizo mbili sitaki upendeleo wowote. Nataka kanuni moja.

La pili linaonyesha kanuni hiyo inapoishia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila kijana amalize kidato cha sita, apitie jeshi la kujenga taifa, afanye kazi kama miaka miwili, apendekezwe na chama na mwajiri, ndipo aombe chuo kikuu. Kanuni moja kwa wote, haikutaja jinsia popote. Matokeo yake idadi ya wasichana chuo kikuu ikaporomoka, kwa sababu ile miaka miwili ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, na mwenye mtoto mchanga hakurudi. Haikuchukua muda mrefu wasichana wakaondolewa sharti hilo. Hivi Fundi, Serikali ilibagua wavulana pale? Au iliona kwamba kanuni moja imeangukia migongo miwili isiyolingana?

Kuhusu binti wa waziri uko sahihi, na sitakubishia. Ila angalia nini kinamleta yeye badala ya mama wa Longido: ni orodha inayotengenezwa ndani ya chama. Mpe mwananchi wa Longido kura, tuone kama atamchagua binti wa Masaki.

Mzee wa Tabora

Wanangu, shikamooni hamjanipa, lakini nawasalimu.

Nimefurahi kuona vijana wanasoma Katiba. Niongeze jambo ambalo naona halisemwi kabisa kwenye mijadala hii. Nchi hii ilishakuwa na viti maalum kabla ya hivi vya wanawake. Vilikuwa vya rangi.

Mwaka 1958 mkoloni alileta uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, vinginevyo kura imeharibika. Mwafrika alikuwa wengi wasiohesabika na Mzungu wachache, lakini viti sawa. TANU, chama kilichokuwa kinapigania uhuru, ilikutana hapa Tabora Januari mwaka huo, na mjadala ulikuwa moto. Wapo waliosema tususie. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie, na Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake. TANU ikaingia na ikashinda, hata viti vya Wazungu na Wahindi vikachukuliwa na watu waliokubaliana nayo. Uchaguzi wa 1960 viti vilikuwa 71: hamsini vya wote, 11 vya Waasia, 10 vya Wazungu. Uchaguzi wa 1965 viti vya rangi havikuwepo tena.

Ninachotaka mkione ni kwamba viti vilivyotengwa vinaweza kuisha. Watu walikaa wakaamua vimefika mwisho.

Kisha kuna kazi za serikali. Baada ya uhuru nafasi zilikuwa zinapewa kwanza Watanganyika wenye asili ya Kiafrika, na ilikuwa haki, maana mkoloni alikuwa amewafungia mlango. Januari 1964 Mwalimu akatoa waraka kwamba sasa raia ni raia, asiangaliwe rangi katika kuajiriwa wala kupandishwa cheo. Baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikasirika. Wiki mbili hazikupita jeshi likaasi, na madai yao yakiwa mishahara na kuwaondoa maofisa wa Kiingereza. Siku zile zilikuwa za hofu kubwa. Lakini baada ya hapo msimamo wa raia wote kuwa sawa haukuachwa.

Kwa hiyo Fundi anapouliza nani anapima, jibu lipo: viongozi wenye ujasiri wa kusema hapa tulipofika panatosha. Kwa wanawake sisi hatujawahi kukaa kikao hicho. Tumekuwa tukiongeza asilimia tu.

Fundi Sheria

Shikamoo mzee. Hilo la viti vya rangi sikulifikiria kwa namna hiyo. Umenipa kazi ya kusoma.

Mjumbe Mstaafu

Marahaba za mzee nimezipokea na mimi kimyakimya.

Nimekuwa mjumbe wa mkutano wa wanawake wa chama mkoani kwa miaka mingi. Sitataja chama wala mkoa, na nisingependa mtu ajaribu kukisia. Nieleze tu jinsi mbunge wa viti maalum anavyopatikana, kwa sababu Binti Mpwapwa ameeleza sheria na mimi naujua ukumbi.

Wajumbe tuko mia chache kwa mkoa mzima. Tunaanza kupigiwa simu miezi mitatu kabla. Mgombea anajua jina lako, la mumeo, mtoto gani anadaiwa ada. Usiku wa kuamkia mkutano tunafika mjini na tunagawanywa kwenye nyumba za kulala wageni, na kila nyumba ina mgombea wake: anayelala pale amelipiwa na fulani. Usiku kuna mtu anapita mlango kwa mlango. Anabisha, anaingia, anaacha bahasha chini ya mto, anasema "hii ya soda, mama." Ukikataa, unakuwa umejitangaza ni wa upande mwingine. Asubuhi tunaingia ukumbini tumevaa sare, wagombea wanapewa dakika chache za kujieleza, na swali moja au mawili. Kila mtu anaimba. Kura zinapigwa mpaka jioni, karatasi zinahesabiwa kwa taa za jenereta.

Niliwahi kumuunga mkono mwalimu wa sekondari, mama mwenye akili na asiyejua kubembeleza. Alizungumza kuhusu wasichana wanaoacha shule na watoro wa hedhi, takwimu zake za kata zote anazo kichwani. Ukumbi ukampigia makofi mengi kuliko mtu yeyote. Kwenye kura akapata kumi na kitu. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi za ukumbi na mkoba wake mapajani, akisubiri basi la jioni. Aliyeshinda hakusema lolote la maana, na wala hakuhitaji kusema.

Sasa niambieni, yule mwalimu angesimama mbele ya wapiga kura laki moja badala ya sisi mia chache, bahasha ngapi zingemshinda? Rushwa ipo hata majimboni, nakubali. Lakini huwezi kulaza laki moja nyumba za wageni.

Na sisi wajumbe msituhukumu haraka. Wengi wetu ni wanawake maskini. Bahasha ile ni mbolea ya msimu mzima. Aliyetengeneza njia nyembamba kiasi hiki ndiye aliyefanya tuwe na bei.

Binti Mpwapwa

Dada, au niseme mama, ahsante. Nimeandika aya nyingi za sheria na wewe umeonyesha kwa huyo mwalimu mmoja ninachomaanisha. Haki ya kugombea anayo kwenye karatasi. Waliokuwa na neno la mwisho juu yake walikuwa wageni wa nyumba za kulala.

Kijana wa Ubungo

Wakuu, mbona Marekani wenyewe wameshaachana na haya mambo? Juni 2023 Mahakama yao ya Juu imepiga marufuku vyuo kuangalia rangi ya mwombaji, kesi ya Harvard. Wamesema usawa mbele ya sheria ni kwa mtu mmoja mmoja. Kama wao wenye historia ya utumwa wameona imetosha, sisi tunang'ang'ania nini?

Binti Mpwapwa

Ndugu yangu wa Ubungo, kesi hiyo naifahamu kidogo, na naona watu wengi wanaibeba bila kuangalia inasimama juu ya nini.

Marekebisho ya 14 ya Katiba yao, ya mwaka 1868, yanasema tu kwamba hakuna jimbo litakalomnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Juu ya usawa hayasemi zaidi. Kwa hiyo majaji wao wamebishana zaidi ya karne moja kuhusu maneno hayo machache. Mwaka 1978, kesi ya Bakke, chuo kimoja cha udaktari California kilikuwa kimetenga nafasi 16 kati ya 100 kwa waombaji wa makundi yaliyoachwa nyuma. Mahakama ikasema kutenga idadi hapana, lakini rangi inaweza kuwa jambo moja kati ya mengi yanayoangaliwa. Mwaka 2003 ikarudia msimamo huo kwenye kesi ya Michigan, na Jaji O'Connor akaandika kwamba anatarajia miaka 25 mbele hatua hizo hazitahitajika tena. Ilipofika miaka 20 majaji wengine wakazifunga.

Katiba yetu haituachi kwenye giza hilo. Hatua za makusudi zimetajwa kwa maandishi. Jaji wa Tanzania hahitaji kukisia waliotunga walitaka nini. Kwa hiyo hukumu ya Harvard haiwezi kuhamia hapa.

Kama ni kuangalia nje, tuangalie majirani. Kenya kila kaunti kati ya 47 inamchagua mwakilishi wake mwanamke, kwa kura ya wananchi wote wa kaunti, wanaume kwa wanawake. Kiti kimetengwa, ila mwenye kukigawa ni mpiga kura. Uganda kila wilaya ina mbunge wake mwanamke, naye anachaguliwa na watu. India wametenga viti vya halmashauri za vijiji kwa wanawake tangu 1993, angalau theluthi, na vinazunguka: kijiji kinachotengwa safari hii, safari ijayo kinafunguliwa kwa wote. Kote huko kuna malalamiko, na Kenya bado hawajatimiza sharti lao kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili bungeni. Lakini hakuna mwanamke wa Machakos anayeambiwa hana watu.

Fimbo Nyeupe

Nimesubiri mtu aguse watu wenye ulemavu, naona mmezama bungeni.

Mimi sioni. Nina shahada. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe wasiopungua asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Hiyo nayo ni hatua maalum, na haijawekewa kelele kama viti maalum, kwa sababu moja tu: haitekelezwi, kwa hiyo haimkwazi mtu.

Niliitwa kwenye usaili na mwajiri mmoja, sitamtaja. Mtihani ulikuwa kwenye karatasi. Niliomba nisomewe au nipewe kompyuta yenye sauti. Wakanong'ona, wakanipa kijana wa mapokezi anisomee, na yule kijana alikuwa anaruka mistari asiyoielewa. Niliona wazi kwamba walishaamua kabla sijakaa. Wakaniambia "tutakupigia." Fundi Sheria, hiyo ndiyo kanuni moja kwa wote. Karatasi ileile, kalamu ileile, muda uleule.

Ninachokitaka mimi ni hiyo asilimia 3 ikaguliwe kama kodi inavyokaguliwa. Na ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, wanawake 4, vijana 4, sisi 2, iliyowekwa kisheria 2018 na ikasimamishwa 2023 kabla ya kurudishwa: ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zimeandika sana kuhusu vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Kila hewa moja hapo ni mtu kama mimi amenyimwa mara mbili.

Fundi Sheria

Fimbo Nyeupe, nimekusoma mara mbili. Kwenye ulemavu sina cha kubisha, maana hali ya mtu inaonekana na kipimo chake kiko wazi. Na nakiri usaili wako haukuwa usawa wowote.

Narudi kwa mleta uzi na swali moja la vitendo. Tuseme tumekubaliana wote humu. Nani atabadilisha? Wabunge haohao?

Binti Mpwapwa

Hapo ndipo penye ugumu, na sitaki kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba mwaka 2013 ilishaandika jibu: viti maalum vifutwe, kila jimbo lichague wabunge wawili, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja. Wote wana wapiga kura wale wale. Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014 ikabaki na lengo la nusu kwa nusu, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Mpaka leo.

Bila katiba mpya, tunarudi kwenye Ibara ya 98. Kubadilisha ibara kama ya 66, inayotaja aina za wabunge, kunataka kura za theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa mambo yanayogusa Muungano yaliyoorodheshwa kwenye Katiba, theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar. Piga hesabu mwenyewe. Robo na zaidi ya ukumbi wako pale kwa viti hivyo hivyo, na wanaume wa majimbo hawataki mwanamke wa pili jimboni mwao. Makundi hayo mawili hayapendani, lakini kwa hili yanapiga kura pamoja.

Ndiyo maana naona tuanze na kisichohitaji theluthi mbili. Sheria ya Mfuko wa Jimbo inabadilishwa kwa kura za kawaida: mbunge wa viti maalum apewe fungu lake la mkoa na kamati yake, na hesabu zake zikaguliwe kama za wenzake. Orodha ya chama itangazwe kabla ya siku ya kura, ibandikwe kituoni pembeni ya majina ya wagombea wa jimbo, ili ninapokipigia chama nijue nawapeleka akina nani. Na vyama viwapitishe wanawake kwenye majimbo ambayo vina uhakika wa kushinda. Tukiona majina matano ya wanawake kwenye ngome ya chama chochote, tutajua wameanza kumaanisha.

Mjumbe Mstaafu, kama bado una mawasiliano na yule mwalimu, muulize kama bado anataka. Nina watu wa kumsaidia kuandika ilani, na nauli ya kuzunguka kata zake tutachanga.